Kusoma kwa Watu Wawili

Katika kile kiwanda cha uchapaji kulikuwa na kazi moja isiyofanyika na mtu mmoja, nayo ilifanyiwa katika chumba cha mwisho cha ghorofa ya pili, ukishapita ngazi na kabla hujafika chooni. Humo walikaa wanawake wawili, uso kwa uso, meza moja katikati. Mmoja alishika muswada, yaani maandishi kama mwandishi alivyoyaleta, akausoma kwa sauti. Mwenzake alishika prufu, yaani kurasa zilizokwisha kupangwa zikisubiri kupigwa chapa, akafuata kwa macho neno kwa neno, kalamu nyekundu mkononi. Yaliyosomwa na yaliyoonwa yakilingana, walisonga mbele. Yasipolingana, mwenye kalamu aligonga meza, na kosa likakamatwa.

Aliyesoma aliitwa Sauti. Aliyefuata aliitwa Macho. Majina hayo walibandikwa na mafundi wa mitambo ya chini, siku za mwanzo, kwa utani tu. Utani ukakomaa, ukazoeleka, hata mlinzi wa getini akawa hajui tena kama waliwahi kuwa na majina mengine.

Miaka ishirini na mitatu walikaa hivyo.

Na kusoma kwenyewe hakukuwa kusoma kwa kawaida. Sauti alisoma kila kilichokuwa kwenye karatasi, pamoja na alama zote. "Herufi kubwa, Mkulima hodari, mkato, huamka kabla ya jogoo, nukta. Aya mpya." Mgeni akipita koridoni alidhani kuna askari anafundishwa gwaride. Mwishowe alama zile ziliwaingia damuni, wakawa wanazungumza nazo. Chai ikichelewa Sauti aliinua macho na kusema, "Chai, mkato, iko wapi, kiulizi." Siku aliyogombana na wifi yake aliingia kazini amefura, akatua mkoba mezani kwa kishindo.

"Yule mwanamke, fungua mabano, Mungu anisamehe, funga mabano, hana haya, mshangao. Mshangao. Mshangao."

"Mshangao mmoja unatosha," Macho alimwambia. "Ndiyo kanuni."

"Kwa huyu? Hautoshi hata ukurasa mzima."

Macho alicheka mpaka kalamu ikamtoka mkononi. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo, Macho. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkimya, asiyeolewa, aliyekaa na mdogo wake katika nyumba ya vyumba vitatu, chumba cha mbele kikiwa saluni ya huyo mdogo wake. Nyumbani maneno yalikuwa mengi, yote ya wateja. Kazini alikuwa na mtu mmoja tu wa kumsikiliza, na huyo mmoja alimtosha.

Mwaka alioukumbuka kuliko yote ulikuwa mwaka wa kitabu cha simu. Miezi minne mizima walisoma majina ya watu na namba zao, asubuhi hadi jioni, bila hadithi, bila aya, bila chochote. Mtu mwingine angepata wazimu. Wao walijitungia. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye namba tatu katika nyumba moja.

"Huyu anampigia nani?" Sauti aliuliza.

"Anajipigia mwenyewe. Yuko sebuleni, anajiuliza jikoni kama chakula tayari."

"Maskini. Tumtafutie mke. Ngoja, ukurasa ujao kuna mwalimu wa kushona, mkato, hana mume, nukta."

"Umejuaje hana mume?"

"Mwenye mume hana muda wa kuandikisha simu."

Kwa hiyo wakamwozesha yule bwana mwalimu wa kushona, wakamtafutia mke na daktari wa meno aliyekaa namba jirani na duka la nyama, wakaanza kuwahurumia, kuwasengenya, kuwaombea. Hakuna lolote lililotokea mwaka ule. Hakuna aliyepanda cheo, hakuna aliyesafiri. Mvua ilinyesha, dirisha la chumba likavuja, wakasogeza meza. Na bado, Macho alipoufikiria miaka mingi baadaye, ulimjia ukiwa na mwanga wa manjano juu yake, kama mwanga wa alasiri uliokuwa ukilala kwenye rafu ya miswada iliyokwisha kusomwa.

Kisha ikaja ile Ijumaa. Sauti alikuwa ameshikilia tumbo wiki nzima, akiulizwa anasema ni gesi. Saa nane mchana alifunga muswada, akasema anakwenda hospitali. Yalikuwapo na maneno mengine kati yao mlangoni pale, lakini hayo Macho hakumwambia mtu yeyote. Jumamosi Sauti aliingizwa chumba cha upasuaji. Madaktari walikuta ugonjwa umekwisha kutapakaa siku nyingi. Jumanne asubuhi tarishi wa ofisi alisimama mlangoni, akavua kofia, na Macho akajua kabla hajafungua mdomo.

Alishuka kwa afisa utumishi kuomba siku za msiba.

"Pole sana, mama," afisa alisema, na kwa kweli alikuwa na huruma machoni. "Marehemu ni nani yako?"

"Si unajua? Ni Sauti."

"Najua, mama. Nauliza kwa ajili ya utaratibu. Hapa wapo mzazi, mwenzi wa ndoa, mtoto, ndugu wa tumbo moja. Rafiki... rafiki hayumo."

Akapewa nusu siku ya kuhudhuria mazishi, pamoja na wafanyakazi wengine wote, kwenye basi la kampuni.

Pale mazikoni mtoto mkubwa wa marehemu alisoma wasifu. Ulikuwa mzuri, hauna kasoro ya kuonekana. Ulitaja kuzaliwa, shule, ndoa, watoto. Kisha, "Alifanya kazi ya uchapaji kwa miaka ishirini na mitatu," ukaendelea na ugonjwa. Macho alisimama nyuma kabisa, kati ya fundi mitambo na mwanamke asiyemfahamu. Akilini akatia alama nyekundu pembeni, ile ya kuonyesha kwamba hapa pana mstari umerukwa. Watu walipowafuata wafiwa kuwapa pole, na yeye alipanga foleni akawapa pole. Yeye hakupewa na mtu.

Alirudi kazini siku ya pili. Mkuu wa uchapaji, bwana mnene mwenye ulimi wa utani waliyemwita Bosi Rula kwa sababu hakuachana na rula mfukoni, alimwambia wangemtafutia msomaji mwingine.

"Usihangaike," Macho alimjibu. "Nitasoma peke yangu."

Na akasoma. Aliweka muswada kushoto, prufu kulia, rula chini ya mstari, akawa anaruka huku na huku kama mtu anayetazama mpira wa meza. Ila hakuwa peke yake. Alipofungua tu ukurasa, sauti ya mwenzake iliingia kichwani, safi, na kikohozi chake kidogo kabla ya aya mpya. Herufi kubwa. Mkato. Nukta. Macho aliifuata. Ilimtuliza, ikamfanya akimbilie kazini asubuhi. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, wakasema amerukwa na akili?

Mwezi wa saba baada ya msiba ukafika mwongozo wa ufugaji nyuki. Kurasa tisini na sita, picha nyingi, mambo mepesi. Nakala elfu mbili zilipigwa chapa, zikajalidiwa, zikapelekwa. Wiki mbili baadaye mwandishi wake, bwana mpole wa chuo cha kilimo, alipiga simu kulalamika.

Bosi Rula alipanda ngazi mwenyewe, kitabu mkononi.

"Mama Macho. Soma hapa, ukurasa wa arobaini na moja."

Macho akasoma. *Vaa mavazi ya kinga. Fungua mzinga taratibu.*

"Sasa tazama muswada."

Katika muswada, kati ya sentensi hizo mbili, palikuwa na mstari mzima: *Washa chombo cha moshi, upulize moshi mlangoni mwa mzinga, usubiri dakika mbili.*

"Tumewatuma watu kwa nyuki bila moshi," Bosi Rula alisema. Hapo kwa kawaida angeangua kicheko, maana mzaha wenyewe ulikuwa mtamu. Hakucheka. "Mama, wewe miaka yote hii hujawahi kuruka mstari. Imekuwaje?"

Imekuwaje? Macho alijua papo hapo, na maarifa hayo yalimmwagikia mwilini kama maji ya baridi. Ile sauti kichwani ilikuwa imeusoma mstari ule. Alikuwa ameusikia wazi, moshi, mlangoni, dakika mbili. Alifuata sauti, hakufuata karatasi. Mtu mwingine yeyote angekosea kwa uvivu au usingizi. Yeye alikosea kwa kusikiliza.

Kifua kikambana. Vidole vikafa ganzi, kuta zikasogea, pumzi ikakataa kushuka. Bosi Rula alimketisha, akampepea kwa kitabu kile kile cha nyuki, huku akimwita tarishi alete gari.

Daktari wa kituo cha afya alimpima moyo mara mbili. "Moyo wako ni mzima kuliko wangu," alisema. "Umefiwa hivi karibuni?"

"Hapana," alisema Macho. Halafu akasema, "Si ndugu."

Daktari akaandika kikaratasi. Kilisema aende chumba namba tisa, kwa mshauri nasaha, Jumatano saa nne.

Nyumbani kikaratasi kile kilisomwa saluni, mbele ya mteja mwenye kichwa nusu kimesukwa.

"Mshauri? Dada, wewe si kichaa," mdogo wake alisema, chanuo mdomoni. Kisha akalitoa chanuo. "Lakini pia si mzima. Unakula kama ndege. Ukiitwa husikii. Juzi nimekukuta jikoni unasema mkato, mkato, na hakuna mtu."

"Nilikuwa nahesabu vitunguu."

"Kwa mikato?"

Mteja akaingilia kutoka kwenye kiti. "Mwache aende. Mimi nilikwenda baada ya kufiwa na mume wangu. Nilidhani watanipa vidonge. Wakanipa kiti."

"Kiti?"

"Kiti, na mtu asiyekukatiza. Nyumbani kwangu hilo halijawahi kutokea."

Bosi Rula naye alikuwa na lake. Alimleta mtu wa kusoma naye, apende asipende: mwanamume wa miaka arobaini na kitu kutoka kitengo cha kujalidi, jina la utani Gundi. Mvuke wa gundi ulikuwa umemharibu kifua, daktari akamkataza kuukaribia tena. "Hadi mwisho wa mwezi muwe mnasoma pamoja," Bosi Rula alimwambia Macho, safari hii bila utani. "Kazi ya wawili siwezi kumwachia mmoja tena. Ikishindikana, chumba nitakifunga, kazi tuipeleke nje. Wewe nitakutafutia nafasi stoo."

Stoo maana yake ilikuwa kuhesabu marobota ya karatasi tupu. Macho aliwaza karatasi zisizo na neno hata moja, siku nzima, mpaka astaafu, na chumba cha mwisho kikiwa na kufuli. Hata hivyo, kila Gundi alipoingia na kuvuta kiti cha Sauti, alimtuma mahali. Kalete wino. Kaulize picha ziko wapi. Kanywe chai. Gundi alikwenda, akarudi, akatumwa tena. Hakulalamika.

Jumatano akaenda chumba namba tisa.

Kilikuwa chumba kidogo kilichowahi kuwa ghala la dawa. Harufu ya maboksi ilikuwamo bado. Mshauri alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye saa kubwa ya kiume mkononi na viatu vilivyotembea sana. Viti viwili vilikaa kiupande, visitazamane. Macho hakuvipenda.

"Karibu, mama. Leo unajisikiaje?"

"Fomu yako ina namba sita mbili."

"Samahani?"

"Swali la sita liko mara mbili, la saba halipo. Nimekusahihishia hapo pembeni."

Mshauri alichukua fomu, akaitazama, akashindwa kujizuia, akacheka. "Mwaka wa tatu huu watu wanaijaza. Hakuna aliyeniambia."

"Watu hawasomi, mwanangu. Wanapitisha macho."

"Wewe ulifundishwa na nani kusoma hivi?"

Swali lenyewe lilikuwa dogo, la kupitishia muda. Lakini miezi minane ilikuwa imepita na hakuna mtu aliyemwuliza Macho lolote lenye jibu la Sauti ndani yake. Alifungua mdomo atoe sentensi moja. Saa ile ya kiume ilipoonyesha saa tano alikuwa bado kwenye kitabu cha simu, yule bwana mwenye namba tatu akiwa ndiyo kwanza anachumbia.

Hakulia siku hiyo. Alirudi nyumbani amechoka kama mtu aliyefua mablanketi.

Wiki iliyofuata alieleza habari ya afisa utumishi, ya wasifu pale mazikoni, na, baada ya kuzunguka sana, ya ile sauti. Alimwangalia mshauri usoni kuona kama ataandika kitu. Mshauri hakuandika.

"Wengi husikia," alisema. "Mwingine husikia hatua mlangoni saa za mtu wake kurudi. Si wazimu, mama. Miaka ishirini na mitatu masikio yako yalikuwa kazini. Hayajaambiwa kwamba zamu imekwisha."

"Yakiambiwa, itanyamaza?"

"Hilo ndilo linalokutisha? Kwamba itanyamaza?"

Macho aliangalia maboksi. Ndilo lililomtisha. Hakujua mpaka alipoulizwa.

"Nina ombi," mshauri alisema walipokuwa wakiagana. "Ule wasifu uliokuruka pale mazikoni. Wewe ungeuandika vipi? Niletee Jumatano."

Alileta kurasa mbili, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka. Mshauri aliuliza kama angependa kuusoma.

"Prufu husomwa na wawili," Macho alisema. Akasimama, akakamata kiti chake na kukigeuza, akakigeuza na cha mshauri, vikatazamana. Akavuta kimeza katikati, akatoa nakala ya pili mkobani na kalamu nyekundu. "Wewe soma. Mimi nafuata."

Mshauri alianza. Alisoma kama watu wasomavyo, kwa upole na hisia. Macho alimkatiza katika mstari wa kwanza.

"Alama, mwanangu. Soma na alama."

"Zote?"

"Zote."

Basi yule msichana msomi, aliyefundishwa chuoni namna ya kuketi na namna ya kunyamaza, alisafisha koo akaanza upya, akijikwaa. "Herufi kubwa, Alikunywa chai baridi maisha yake yote, mkato, kwa sababu huwezi kusoma na kunywa kwa wakati mmoja, nukta. Herufi kubwa, Alichukia kurasa za hesabu, nukta. Aya mpya. Herufi kubwa, Alijua kwamba sipendi kuanza mazungumzo, mkato, kwa hiyo alianza yeye kila siku kwa miaka ishirini na mitatu, nukta."

Kalamu ya Macho ilitembea chini ya maneno. Ilikuwa ajabu kuyasikia katika sauti nyingine, nyembamba, isiyo na kikohozi. Yalikuwa maneno yake lakini yalimjia kutoka nje, kama habari.

"Aya mpya. Herufi kubwa, Ijumaa aliondoka saa nane, nukta. Herufi kubwa, Jumanne alifariki, nukta."

Macho aligonga meza.

"Nimekosea?" mshauri aliuliza.

"Kuna mstari umerukwa."

"Mama, nimesoma yote yaliyopo."

"Umesoma yote. Niliyeruka ni mimi."

Hapo ndipo alipoyasema yale ya mlangoni. Kwamba Sauti, aliyekuwa haogopi kitu wala mtu, alishika kitasa akasema, twende wote, mwenzangu, naogopa. Na yeye Macho, bila kuinua uso vizuri, alijibu: ngoja nimalize kurasa hizi, nitakukuta huko. Kurasa zilikwisha saa kumi na moja. Mvua ilikuwa inanyesha. Akasema atakwenda kesho asubuhi. Kesho asubuhi mwenzake alikuwa chumba cha upasuaji, na baada ya hapo hawakuruhusiwa ila watu wa familia.

"Zilikuwa kurasa za nini?" mshauri aliuliza taratibu.

"Orodha ya mabomba. Mabomba ya maji, vipimo na viungio vyake." Akaiweka kalamu chini. "Nilimwacha akaenda peke yake kwa ajili ya mabomba."

Akalia. Alilia kwa sauti ambayo hakuijua kuwa anayo, nzito, ya mtu mwingine kabisa. Mshauri hakumwambia anyamaze, wala hakumwambia hakukosea. Alisubiri. Kilio kilipopungua alisema, "Nikikuambia huna kosa hutaniamini, mama. Wewe mtu wa kuona makosa. Nakuuliza tu: yeye alipokuwa anatoka pale mlangoni, alijua unampenda, hakujua?"

Macho alifuta pua. Alifikiri kwa haki, kama alivyofikiria kila swali. "Alijua," alisema mwisho. "Alisema, haya, mkato, usije mikono mitupu, nukta. Akacheka. Ndiyo maneno ya mwisho."

"Na hayo pia umeyaruka."

Ni kweli alikuwa ameyaruka. Kwa miezi minane alibeba ombi na jibu lake, akaacha kicheko. Alichukua kalamu, akatia alama ya kuingiza kati ya Ijumaa na Jumanne, akaandika yote pembeni, ombi, jibu lake, mabomba, mvua, na mikono mitupu. Pembeni pakajaa wekundu. Kisha akamrudishia mshauri karatasi.

"Anza tena juu kabisa," alisema.

Nisiseme kwamba alitoka pale amepona. Juma lile lile kifua kilimbana kwenye foleni ya posta. Akafanya kama alivyofundishwa: kutoa pumzi kwanza, yote, polepole, kabla ya kuvuta nyingine, maana mwenye hofu hukimbilia kuvuta na nafasi haipo. Akaegemea ukuta, akatoa pumzi. Mama wa nyuma yake akamgusa bega. "Foleni inasonga, dada." Ikasonga, naye akasonga nayo. Jioni alimweleza mdogo wake habari za mlangoni, na mdogo wake akamshika tu mkono, kwa vidole vyenye harufu ya mafuta ya nywele.

Siku ya mwisho ya mwezi Gundi aliingia kama kawaida, akasimama nyuma ya kiti akisubiri kutumwa.

"Kaa," Macho alimwambia. "Leo tunasoma."

Kilikuwa kitabu cha watoto wa darasa la pili, hadithi ya mbuzi mkaidi. Gundi alishika muswada kwa mikono miwili. Alijitahidi, maskini. Lakini kifua kile kilichoharibiwa na mvuke hakikuweza kumaliza sentensi. "Herufi kubwa, Mbuzi," kikohozi, "alikataa," kikohozi, "mkato..." Machozi yakamtoka kwa kukohoa. Mlangoni kivuli cha Bosi Rula kilikuwa kimesimama, kikisikiliza, na Macho alikiona.

"Mama, nisamehe," Gundi alisema, akiweka karatasi mezani. "Mimi macho ninayo. Nimekata karatasi miaka kumi na tisa bila kuzidisha hata uzi. Ila sauti sina. Heri uende kumwambia bosi."

Koridoni viatu vya Bosi Rula vililia kidogo.

Macho alisimama. Akazunguka meza.

"Hama," alisema.

"Niende?"

"Hama kiti, baba. Wewe kaa kule kwangu. Kalamu ile pale."

Hakuwahi kukalia kile kiti. Kilikuwa kirefu kuliko alivyodhani, mbao zake zimelainika. Miguu yake haikufika chini, ikaning'inia kama ya mtoto. Chini ya meza, kwenye ubao wa kukanyagia, palikuwa na mabonde mawili yaliyochimbwa na visigino vya miaka yote ile, lakini hata pale hakufika. Sauti alikuwa mrefu. Alikuwa amesahau jinsi alivyokuwa mrefu, kwa kuwa walikuwa wameketi siku zote.

Gundi alimwona anahangaika. Akatoka bila kusema, akampita Bosi Rula mlangoni, akateremka ngazi, akarudi na fungu la majalada mabovu limefungwa kamba. Akapiga magoti, akalisukuma chini ya miguu yake, akalisogeza mpaka likakaa sawa.

"Hapo?"

"Hapo."

Macho alifungua muswada. Aliogopa. Kichwani kulikuwa kimya, kimya cha chumba mtu anapokungoja uanze. Akatoa pumzi yote. Kisha akasoma. Sauti yake ilitoka kavu, ikavunjika katika herufi kubwa ya kwanza, ikajiokota. Mkato ukaja, na nukta, na aya mpya, na zikawa za kwake, zikienda kwa mwendo wake wa pole. Hakuweza kusikia nyingine yoyote wakati ya kwake ikisema. Iliuma hivyo, na akaendelea. Wakati fulani aliinua macho kuelekea mlangoni, akaona kivuli kimeondoka.

Ukurasa wa tatu Gundi hakugonga meza. Aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Sema," Macho alisema.

"Mama, umesoma mbuzi alisimama kwa miguu yake minne."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Hapa kwangu ana mitatu."

Macho alimtazama. Gundi alikuwa ameshika kalamu juu juu, uso wake wa dhati kabisa, akisubiri kuambiwa afanye nini na mnyama yule. Na kicheko kikampanda Macho kutoka tumboni, kikamtingisha mabega, kikamfanya ashike ukingo wa meza, mpaka Gundi naye akacheka akaanza kukohoa, wakawa wawili, mmoja anacheka na mwingine anakohoa, na hakuna aliyeweza kumsaidia mwenzake.

"Haya," alisema alipopata pumzi, akifuta macho kwa kiganja. "Mpe mguu wake, baba, tuendelee."